Namna ya Kuandika Kanuni na Kuweka Kikomo cha Maneno kwa Shindano Dogo la Hadithi Fupi

Anayeandaa shindano la hadithi fupi kwa mara ya kwanza, awe mwalimu wa Kiswahili, mkutubi au kiongozi wa kundi la waandishi la WhatsApp, huja na maswali yaleyale: aweke maneno mangapi, hadithi iliyozidi kidogo aifanyeje, hakimiliki ni ya nani, na afanye nini mshindi akigundulika kuwa amenakili kazi ya mwingine. Mwongozo huu unayajibu kwa mpangilio wa kazi yenyewe. Umelengwa kwa shindano dogo lenye majaji wachache wanaojitolea na zawadi ya kiasi, ambalo washiriki wake hawaishi kwa uandishi.

Utaona katika kila hatua kwamba narudia sharti moja. Usiandike kanuni ambayo huna njia ya kuihakiki, wala ile ambayo hutakuwa tayari kuitekeleza dhidi ya hadithi uliyoipenda. Kanuni isiyohakikika humbana mshiriki mwaminifu peke yake, kwa sababu asiye mwaminifu anajua hakuna atakayemkagua.

Mahitaji kabla ya kuanza

- Majaji waliokwisha kukubali, pamoja na idadi ya saa ambazo kila mmoja ameahidi kuzitoa kwa wiki. Ahadi ya jumla ya "nitasaidia" haitoshi.
- Mratibu mmoja ambaye si jaji na ambaye hatashiriki. Huyu ndiye atakayepokea miswada, kuhesabu maneno na kuficha majina.
- Anwani ya barua pepe iliyofunguliwa kwa ajili ya shindano tu.
- Zawadi iliyo mkononi tayari. Fedha ya mfadhili "anayefikiria" isitajwe katika tangazo.
- Kompyuta yenye programu moja ya kuandikia, ambayo ndiyo itakayotumika kuhesabia maneno.

Hatua ya 1: Hesabu saa za majaji

Watu wengi huanza kwa kuuliza hadithi fupi nzuri ina urefu gani. Swali hilo halina jibu moja, na kwa mwandaaji si swali la kwanza. La kwanza ni kiasi gani majaji wako wanaweza kusoma kwa makini kabla ya kuchoka na kuanza kurukaruka kurasa.

Chukua mfano huu na ubadilishe tarakimu zake kulingana na hali yako. Unatarajia hadithi 80 na una majaji wanne. Kila hadithi inasomwa na majaji wawili katika duru ya kwanza, kwa hiyo kila jaji anapata hadithi 40. Tuseme jaji makini anasoma maneno 150 kwa dakika, kisha anatumia dakika 10 kuandika alama na maoni yake. Kikomo kikiwa maneno 3,000, kila hadithi itamchukua dakika 30, na hadithi 40 zitamchukua saa 20. Kikomo kikishushwa hadi 1,500, hadithi moja itachukua dakika 20, na zote 40 zitachukua saa 13 na dakika 20. Angalia kwamba kupunguza maneno kwa nusu hakukupunguza kazi kwa nusu, kwa sababu dakika za kuandika maoni zimebaki palepale. Ongeza duru ya mwisho, ambapo majaji wote wanasoma upya hadithi 10 bora kwa dakika 15 kila moja, yaani saa mbili na nusu zaidi.

Jaji aliyeahidi saa nne kwa wiki kwa muda wa wiki nne ana saa 16. Kikomo cha 1,500 kinamtosha kwa shida, ilhali cha 3,000 hakimtoshi kabisa, na ukikitangaza hivyo hivyo utalipa kwa matokeo kuchelewa au kwa hadithi kuhukumiwa kwa ukurasa wa kwanza tu.

Hatua ya 2: Weka kikomo cha juu na cha chini

Usinakili kikomo cha tuzo kubwa. Tuzo ya Hadithi Fupi ya Jumuiya ya Madola, ambayo hupokea pia hadithi za Kiswahili, huweka maneno kati ya 2,000 na 5,000, na Tuzo ya Caine huweka kati ya 3,000 na 10,000. Tuzo hizo zina ofisi, bajeti na wasomaji wa kuchuja, na ile ya Caine inahusu hadithi zilizokwisha kuchapishwa.

Sababu nyingine ni ya lugha. Neno moja la Kiswahili kama "hawatamwambia" hufanya kazi ambayo Kiingereza hukigharimu maneno kadhaa. Hadithi ya Kiswahili ya maneno 1,500 kwa hiyo ina nafasi zaidi ya ile inayodhaniwa na mtu aliyezoea vikomo vya mashindano ya Kiingereza, na mshiriki anayelalamika kwamba 1,500 ni machache kwa kawaida ana utangulizi mrefu unaohitaji kukatwa.

Kwa maoni yangu, vikomo hivi vinafaa kwa mashindano ya watu wa kawaida:

- Wanafunzi wa shule za msingi: maneno 300 hadi 600.
- Wanafunzi wa sekondari: maneno 600 hadi 1,200.
- Watu wazima: maneno 800 hadi 1,500, au 2,000 ikiwa majaji wanatosha.

Kikomo cha chini kisisahaulike. Bila hicho utapokea visa vya aya mbili na vichekesho, na majaji watalazimika kulinganisha kisa cha maneno 90 na hadithi ya maneno 1,480, kazi ambayo hakuna kigezo kinachoweza kuifanya kwa haki. Ukipenda visa vifupi sana, vitengee kundi lao na zawadi yao.

*Onyo:* usiandike "takriban maneno 1,500" wala "1,500, pamoja na ruhusa ya asilimia 10". Ruhusa hiyo haisaidii lolote, kwani kikomo kinakuwa 1,650 na mtu mwenye 1,655 ataomba ahurumiwe vilevile. Andika tarakimu moja, kisha isimamie.

Hatua ya 3: Eleza maneno yatahesabiwaje

Hapa ndipo ugomvi mwingi huanzia. Programu za kuandikia huhesabu kwa kufuata nafasi kati ya maneno, kwa hiyo "polepole" ni neno moja na "pole pole" ni mawili. Katika Microsoft Word, kistari kirefu kilichoachiwa nafasi pande zote mbili nacho huhesabiwa kama neno, na hadithi yenye mazungumzo mengi yaliyotangulizwa kwa vistari inaweza kuongezeka makumi ya maneno bila mwandishi kujua. Tanbihi nazo huingia au huachwa kulingana na kisanduku kilichotiwa alama katika dirisha la hesabu. Hesabu ya simu na ya kompyuta zinaweza kutofautiana kwa hadithi ileile.

Maliza mjadala mapema kwa kifungu kama hiki:

> "Hadithi iwe na maneno yasiyopungua 800 na yasiyozidi 1,500. Anwani ya hadithi haihesabiwi. Nukuu za mwanzo, tanbihi na maelezo ya msamiati yanahesabiwa. Hesabu itakayotumika ni ya Microsoft Word kwenye kompyuta ya mratibu. Hadithi iliyo nje ya mipaka hii haitasomwa, na mwandishi wake atajulishwa."

Mshauri mshiriki aache nafasi ya maneno 20 au 30 chini ya kikomo, na tofauti za programu hazitamdhuru.

Ikiwa shindano ni la shule na miswada inaandikwa kwa mkono, usiweke kikomo cha kurasa, kwa kuwa mwanafunzi mwenye mwandiko mdogo atapata nafasi mara mbili ya mwenzake. Weka maneno, kisha ukadirie: hesabu maneno ya mistari 10 kutoka kurasa tofauti, tafuta wastani, zidisha kwa idadi ya mistari yote. Kwa kuwa hayo ni makadirio, katika shindano la mkono pekee ni haki kumpa mtoto faida ya shaka, na kanuni iseme hivyo waziwazi.

Hatua ya 4: Taja nani anaruhusiwa na nani haruhusiwi

Andika umri, mahali na hadhi. Neno "chipukizi" lisiachwe bila maelezo. Sema, kwa mfano, kwamba ni mtu ambaye hajawahi kuchapishiwa kitabu chake mwenyewe na kampuni ya uchapishaji, kisha amua kama hadithi zilizotoka magazetini au zilizowekwa Facebook zinahesabiwa kuwa zimechapishwa. Mimi ningeruhusu mwandishi aliyechapisha magazetini, lakini nisingeruhusu hadithi yenyewe iwe imeshatoka popote. Hilo linahakikika kwa kutafuta sentensi zake mbili tatu mtandaoni.

Majaji, mratibu na watu wa nyumbani mwao wasishiriki. Mshiriki aliye chini ya miaka 18 alete idhini ya maandishi ya mzazi au mlezi.

Hatua ya 5: Amua kuhusu lugha

Kusema "Kiswahili sanifu" peke yake kunazua matatizo. Mhusika wa Mombasa atasema Kimvita, kijana wa Nairobi atasema Sheng, na mshiriki wa Bukavu au Lubumbashi ana Kiswahili chake cha nyumbani ambacho si kosa la kisarufi. Kanuni inayotosha ni hii: usimulizi uwe wa Kiswahili kinachoeleweka na msomaji wa kawaida, na lahaja, Sheng au lugha nyingine ziruhusiwe katika mazungumzo ya wahusika. Tofauti za tahajia kati ya Kenya na Tanzania zisikatiwe alama, na majaji waambiwe hivyo kwa maandishi.

Hatua ya 6: Andika tarehe ya mwisho isiyo na tafsiri mbili

"Mwisho ni saa sita usiku wa tarehe 30 Juni" ni sentensi ya hatari. Kwa mmoja ni usiku unaoingilia tarehe 30, kwa mwingine ni ule unaoimaliza, na kati yao kuna saa 24 kamili. Mbaya zaidi ni "saa 11:59 usiku", iliyochukuliwa kutoka kwenye simu: anayehesabu saa kwa Kiswahili ataisoma kuwa karibu na alfajiri, ilhali simu ilimaanisha saa 5:59 usiku.

Njia salama ni kuchagua saa ya mchana au jioni na kutaja siku, tarehe na ukanda wa saa, hivi: "Jumanne tarehe 30 Juni, saa 12:00 jioni (18:00), saa za Afrika Mashariki." Mshiriki wa Kigali, Bujumbura au Lubumbashi atajua kwamba kwake ni saa 11 jioni, na wa Muscat kwamba kwake ni saa 1 usiku. Faida nyingine ya jioni ni kwamba mratibu yu macho na anaweza kumjibu mtu ambaye faili lake halikufunguka.

Eleza pia kwamba kinachoangaliwa ni wakati barua pepe ilipopokelewa. Wakati mwandishi alipobonyeza kitufe cha kutuma hauhesabiki.

Hatua ya 7: Panga njia ya kutuma na kuficha majina

Jina la mwandishi lisionekane popote ndani ya mswada. Likae kwenye barua pepe pamoja na namba ya simu, umri na anwani ya hadithi. Mratibu aupe kila mswada namba, atunze orodha ya majina peke yake, na kabla ya kuwapelekea majaji aondoe jina lililojificha katika sifa za faili, ambalo Word huliweka lenyewe na jaji anaweza kuliona kwa kubonyeza mara moja.

Fomu za Google zinavutia, lakini sehemu ya kupakia faili humtaka mshiriki aingie kwa akaunti ya Google, na asiye nayo atakwama. Barua pepe ya kawaida inatosha. Kwa kuwa washiriki wengi huandika kwa simu, ruhusu hadithi ibandikwe ndani ya barua pepe yenyewe, au iambatishwe kama faili la Word. PDF ikataliwe, maana kuhesabu maneno yake na kuifuta jina ni usumbufu, na picha za kurasa zikataliwe kabisa. Miswada isipokelewe kwa WhatsApp. Ujumbe hupotea kati ya salamu, na jaji aliye kwenye kundi hilo atajua nani ametuma nini.

Namba za simu za washiriki ni taarifa binafsi zinazolindwa na sheria, ya mwaka 2019 kwa Kenya na ya 2022 kwa Tanzania. Usiwaingize watu kwenye kundi la WhatsApp bila ridhaa yao.

Hatua ya 8: Kifungu cha hakimiliki kiwe kifupi na cha haki

Waandaaji wengi huandika kwamba "hadithi zote zitakuwa mali ya waandaaji". Kifungu hicho huwafukuza waandishi wazuri, na pia hakihitajiki. Chini ya Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya Tanzania ya 1999 na Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya 2001, mwandishi ndiye mwenye haki ya kazi yake, na kuihamisha haki hiyo kunahitaji maandishi. Unachohitaji wewe ni ruhusa ya kuchapisha hadithi zilizoshinda:

> "Mwandishi anabaki na hakimiliki. Kwa kushiriki, anakubali kwamba ikiwa hadithi yake itaingia katika hadithi 10 bora, waandaaji watakuwa na ruhusa ya kuichapisha mara moja katika mkusanyo wa shindano, kwa jina lake, ndani ya miezi 12 tangu matokeo kutangazwa. Baada ya hapo mkataba mwingine wowote utajadiliwa naye."

Hadithi ambazo hazikufika huko ziachwe huru mara moja, na tarehe ya kuziachia itajwe, ili mwenyewe aweze kuzipeleka kwingine.

Hatua ya 9: Kunakili na akili unde

Kunakili kunahakikika kwa kiasi. Kwa matumizi ya akili unde (AI) hali ni tofauti. Zana zinazodai kutambua maandishi ya mashine hukosea, na kumfukuza mtu kwa asilimia iliyotolewa na zana hizo ni dhuluma. Kuandika "hairuhusiwi" na kuishia hapo ni mfano kamili wa kanuni isiyohakikika. Weka badala yake sharti linaloweza kutekelezwa: kila aliyefika katika hadithi 10 bora atatakiwa, ndani ya siku tano, kuonyesha rasimu au madokezo yake ya awali na kuzungumza na mratibu kwa robo saa kuhusu namna alivyoiandika. Aliyeiandika mwenyewe atajibu bila shida kwa nini alimbadilisha mhusika au kwa nini alikata tukio fulani. Sharti hili lazima litangazwe tangu siku ya kwanza, ili watu watunze rasimu zao.

Hatua ya 10: Vigezo, sare na zawadi

Vigezo vinne vinatosha: mtiririko wa kisa, wahusika, lugha, na upya wa wazo. Mkigawa alama 100 sawasawa kwa vinne hivyo, mtapata ugumu mdogo wa hesabu kuliko mkizigawa kwa vigezo tisa. Taja atakayeamua alama zikilingana, kwa kawaida mwenyekiti wa majaji, na utaje kwamba majaji wanaweza kutotoa nafasi ya kwanza ikiwa hakuna hadithi inayostahili.

Kuhusu zawadi, sema kiasi, njia na siku: kwa M-Pesa au benki, ndani ya siku ngapi, na nani analipa gharama ya kutuma. Ikiwa huwezi kumtumia fedha mshindi aliye nje ya nchi yako, sema mapema kwamba shindano ni la wakazi wa nchi yako tu.

Hatua ya 11: Zijaribu kanuni kabla ya kuzitangaza

Mpe mtu asiyehusika karatasi ya kanuni, ambayo isizidi kurasa mbili, na umtake akujibu maswali matano bila msaada wako: mwisho ni lini, maneno mangapi, atume wapi, jina liandikwe wapi, na hadithi yake itakuwa ya nani baadaye. Akikosea moja, kifungu hicho ndicho kibovu. Kiandike upya, na usijaribu kukirekebisha kwa maelezo ya pembeni.

Baada ya kutangaza, usibadilishe chochote kinachoweza kumdhuru mtu aliyekwisha kutuma.

Matatizo yanayojitokeza na namna ya kuyatatua

*Hadithi imezidi kwa maneno machache.* Ikiwa muda wa kutuma haujaisha, mratibu amrudishie mwandishi aipunguze, na awafanyie hivyo wote wenye tatizo hilo. Muda ukiisha, haisomwi, hata ikiwa imezidi kwa maneno matatu. Mratibu asikate maneno mwenyewe.

*Faili halifunguki.* Mwandishi apewe saa 24 kutuma tena hadithi ileile. Kifungu cha ruhusa hii kiwe ndani ya kanuni tangu mwanzo, kisije kikaonekana upendeleo.

*Jaji ameitambua hadithi ya mwanafunzi au rafiki yake.* Amwambie mratibu, na hadithi hiyo ihamishiwe kwa jaji mwingine. Hakuna haja ya kumwondoa jaji kwenye shindano zima.

*Majaji wawili wametofautiana kwa zaidi ya alama 30.* Usichukue wastani. Mpe jaji wa tatu asome bila kuonyeshwa alama zao, kwani tofauti kubwa namna hiyo mara nyingi huonyesha kwamba mmoja wao amekisoma kigezo tofauti, au kwamba hadithi ni ya kipekee na inastahili macho zaidi.

*Mshindi amegundulika kuwa amenakili baada ya kutangazwa.* Mpe siku tatu kujibu kwa maandishi, kisha majaji waamue. Ikithibitika, nafasi yake ichukuliwe na aliyemfuata. Ndiyo maana zawadi ilipwe angalau siku 14 baada ya matokeo. Fedha iliyokwisha kutolewa kwa wakala hairudi kwa urahisi.

*Mshiriki analalamika kwamba hakushinda.* Kanuni zisiahidi maoni kwa kila mtu isipokuwa kama majaji wamekubali kazi hiyo na saa zake zimo katika hesabu ya Hatua ya 1. Malalamiko kuhusu utaratibu yapokelewe kwa siku saba, na ya ladha yajibiwe kwa adabu bila kufungua upya alama.

*Miswada iliyofika ni michache mno.* Kabla ya kutangaza, amua idadi ya chini, tuseme hadithi 15, na uandike kwamba zikipungua hapo muda utaongezwa mara moja tu kwa siku 14. Waliokwisha kutuma waruhusiwe kubadilisha hadithi zao katika siku hizo, wapate muda sawa na wanaoanza sasa. Zikibaki chache hata baada ya nyongeza, endesha shindano kwa hizo zilizopo na utoe zawadi uliyoiahidi.